Marehemu wa Mfano

Jumatano, 9 Oktoba 2024

Nimepata kazi! Kazi ya tovuti, ya kulipwa! Miezi saba najifunza kwa video za bure, bando likikata katikati ya somo, na leo mtu mzima mwenye akili zake timamu amesema sawa, nitengenezee.

Mtu mwenyewe ni mzee Mwesiga, Ta Mwesiga kama tunavyosema kwetu, muuza majeneza wa Omurushaka. Alikuja pale steshenari Kayanga ninapofanya kazi, kutoa nakala za ratiba ya mazishi. Akawa analalamika kwamba wenzake wa Bukoba wana tovuti na yeye hana. Nikajisikia nasema: mimi natengeneza. Mdomo huu utaniponza! Nimewahi kutengeneza tatu tu, zote za mazoezi, mojawapo ya mgahawa ambao haupo duniani.

Anataka bei za majeneza, namba ya simu, na ukurasa wa kumbukumbu. Ndugu waweke picha ya marehemu wao, watu waandike rambirambi hapohapo. Anasema siku hizi koo zimesambaa, habari ya msiba inafika kwa simu kabla mpeleka habari hajavaa viatu.

Ametanguliza kidogo. Nimepitia duka la dawa, nimemnunulia mama vidonge vyake vya presha vya mwezi mzima. Mwezi uliopita alikuwa anavikata nusu kwa wembe ili vifike mwisho wa mwezi — na hakuniambia.

Nyumbani nimemwambia mama sasa naandika kodi za kompyuta, nalipwa. Akashtuka. Kodi? Unamwandikia nani kodi, umekuwa serikali? Nimecheka mpaka nikakohoa.

Ijumaa, 11 Oktoba

Boksi la picha halikai katikati. Saa nne nzima! Naliambia kaa katikati, linakwenda kushoto kama mbuzi aliyeona maharage. Mwishowe limekaa. Sijui kwa nini. Siligusi tena.

Ta Mwesiga amepiga simu. Hataki ukurasa wa kumbukumbu uwe mtupu. Duka gani linafunguliwa bila bidhaa? Weka marehemu mmoja wa mfano, anasema, mwanamke mtu mzima, mwenye heshima zake.

Sasa mimi namtoa wapi? Faili za steshenari zimejaa marehemu wa watu, lakini hiyo ni dhambi. Picha za mtandaoni zote ni bibi wa Kizungu anayecheka meno yote nje. Kwenye laptopu hii nina picha moja tu nzuri ya mwanamke mtu mzima. Mama, siku ya Kipaimara cha mtoto wa jirani, kitenge cha bluu, anaitazama kamera kama inayotaka kumwibia.

Nimeiweka. Na jina lake pia, maana kila jina la kubuni lilionekana la kubuni. Placidia Telesfori, 1953 – 2024. Halafu maneno yakaja yenyewe. Kwamba baba alipofariki alitulea wanne kwa jembe na kwa debe la kahawa. Kwamba hakuwahi kuonja chakula kabla yetu. Kwamba alitembea kwa miguu Ihembe hadi Kayanga na mkungu wa kuuza kichwani ili mimi, kitinda mimba, nifanye mtihani. Nimelia kidogo, mjinga mimi. Mambo haya sijawahi kumwambia. Na yeye mwenyewe wakati huohuo yuko uani, anapepeta maharage na kumtukana jogoo!

Juu upande wa kulia nimeandika kwa herufi kubwa nyekundu: MFANO TU.

Jumapili, 13 Oktoba

Iko hewani! Nimempelekea Ta Mwesiga linki. Amejibu kwa meseji ya sauti: binti, wewe ni fundi. Nimeisikiliza mara sita.

Mama leo kakaa barazani tangu kutoka misani. Kijiji kizima kimepita na shikamoo zake, kila moja na marahaba yake, na habari za nyumbani, na yule mbuzi je, alizaa? Nimemwambia anachosha. Ananiambia mtu asiyeamkiwa ana tofauti gani na kisiki.

Jumatatu, 14 Oktoba

Ee Mungu wangu.

Simu ya kwanza saa mbili asubuhi. Mama mdogo Kokuhirwa, mdogo wake mama, yuko Nkwenda huko Kyerwa. Analia hata maneno hayatoki. Mmenificha! Dada yangu anakufa na mimi nasoma kwenye simu kama habari za mpira! Nikasema mama mdogo, subiri, huyu hapa, ongea naye. Nikampa mama. Mama akasema haloo. Simu ikakatwa.

Kisha zikaanza kumiminika. Nimehesabu thelathini na moja, nikaacha.

Saa tano jirani yetu Mukantabana akatokea na mkungu wa ndizi kichwani, analia tangu barabarani. Mama akatoka kumpokea mzigo. Akamuuliza: pole mwenzangu, nani tena? Mukantabana aliutua ule mkungu polepole sana. Akarudi nyuma hatua moja. Akageuka akaenda.

Ndipo nikafungua ukurasa kwa simu yangu. Kwa mara ya kwanza! Kwenye laptopu MFANO TU inaonekana hata ukiwa barabarani. Kwenye simu haipo. Skrini ni nyembamba, maneno yamesukumwa nje ya ukingo, mpaka uburute kwa kidole kwenda kulia. Aliyefiwa anaburuta kwa kidole? Nimeipima kwenye laptopu tu. Karagwe nzima nani ana laptopu!

Na Ta Mwesiga, kwa furaha yake, alikuwa ameitupa kwenye magrupu matano.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimeifuta. Ta Mwesiga kakasirika, anasema watu elfu moja na mia mbili wameingia, biashara hiyo. Nimemwambia huyo ni mama yangu. Akasema si yuko hai? Basi kuna ubaya gani?

Rambirambi zilikuwa zinakuja kwenye barua pepe yangu. Mia mbili na kumi na nne.

Jioni nimemweleza mama yote. Nilikuwa tayari kwa kofi. Alicheka! Akasema: nimekufa Jumapili, leo Jumanne unataka nikupikie? Kisha akavuta kigoda karibu. Wamesemaje hao? Nisomee.

Nimesoma mpaka sauti imekauka. Wanafunzi aliowapa ndizi wakipita njiani, sasa wako Mwanza, Kigali, Kampala. Mwanamke aliyesema Ma Placidia alimficha kwake wiki mbili mumewe alipokuwa anamtafuta na panga. Sikuwahi kulijua hilo. Na kaka Anastazi. Kaka yuko Mwanza, mwaka wa pili huu hapigi simu wala hapokei. Ameandika: Mama, nisamehe. Nilikuwa nangoja nipate kitu cha kuja nacho mkononi. Nilikuwa naona aibu. Ulikuwa kila kitu changu.

Hiyo mama ameitaka mara tatu.

Akaniuliza kama sasa Anastazi anajua yuko hai. Nikasema ndiyo, nilimpigia jana, kwa mara ya kwanza akapokea. Alisemaje? Amesema sawa tu, nikajibu, kisha akakata simu. Mama akasema: ahaa. Basi.

Alhamisi, 17 Oktoba

Kila nikirudi kutoka kazini, hata mkoba sijatua: nisomee. Zingine anazijua kwa moyo, midomo yake inatangulia yangu. Anastazi hajapiga. Nimemtumia meseji nne, zote zimesomwa.

Leo zimeingia rambirambi mpya tatu. Na ukurasa nilishaufuta! Nimekaa nikawaza kama fundi. Simu za watu zimehifadhi ukurasa ule wa zamani, wakibonyeza tuma, fomu bado inapokea. Ndiyo hivyo tu. Nimeifunga na fomu yenyewe. Somo limeeleweka, mwalimu.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimeshinda nyumbani leo, nikaona kitu.

Mama yuko barazani kama kawaida. Ukungu ulichelewa kuondoka, watu wanatokea ghafla kwenye njia, mmoja mmoja. Watoto wa Mukantabana walipofika usawa wetu walihamia upande wa pili wa barabara, wakanyamaza, wakapita wakikimbia. Watu wazima wanasema, Joanitha, hujambo? Wananitazama mimi. Mimi tu. Macho yao yanaruka pale mama alipo, kama mtu anavyoruka dimbwi.

Nimemfuata Mukantabana kwake. Nikamuuliza kosa letu. Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua uso. Akasema hana ugomvi na mtu. Akasema: machozi yangu yalitoka kweli, Joanitha. Yalitoka na jina lake. Siwezi kuyarudisha ndani.

Jioni nimemuuliza mama kama leo ameamkiwa. Hakuna, akasema. Bila kinyongo, kama anayetaja hali ya hewa.

Jumatatu, 21 Oktoba

Imeingia nyingine. Fomu nimeifunga siku ya nne leo. Nimehakiki mara tatu, imefungwa.

Ina mstari mmoja. "Nyamwiza, upande wangu wa kulia nimeuacha wazi." Jina la mtumaji: Telesfori. Namba hakuna. Anwani hakuna.

Telesfori ni baba. Tulimzika mwaka 2003, huko chini kibanjani, kati ya migomba.

Akina Telesfori ni wengi. Nimejiambia. Na huyu anamwandikia mtu anaitwa Nyamwiza, si mama. Kakosea msiba. Nimefunga laptopu sijasoma hata moja. Mama akaniuliza:

Baba yako naye ameandika?

Jumanne, 22 Oktoba

Nimeshuka kibanjani asubuhi kabla ya kazi. Kaburi la baba liko vilevile, msalaba umeegama kidogo. Upande wa kulia nyasi zimekatwa. Mbuzi, nikasema. Lakini mbuzi hali kwa mstari. Ni mstatili, na umenyooka kuliko boksi lolote nililowahi kutengeneza mimi.

Labda vijana wa chama cha kuzikana, wiki iliyopita, walipodhani kuna kazi. Nimempigia katibu wao. Hawakufika. Mukantabana anaapa kwa Bikira Maria si yeye wala wanawe.

Nimemuuliza mama, Nyamwiza ndiye nani? Akacheka chini kwa chini, akafunika mdomo kwa upande wa kanga. Sijawahi kumwona mama akifanya hivyo. Kama msichana anayeitwa na mchumba.

Jumatano, 23 Oktoba

Nimevikuta vidonge. Vyote tangu Jumanne ya wiki ile, ndani ya kikombe cha bati nyuma ya picha ya Moyo Mtakatifu. Wiki nzima!

Nimepiga kelele. Nimesahau yeye ni mama na mimi ni mtoto. Nimemwambia daktari alisema nini mwaka jana, kwamba akiviacha ni kiharusi, hakuna njia ya katikati. Alisubiri nimalize. Akasema: mwanangu, mtu aliyekwisha kuliliwa anameza kidonge ili iweje?

Hakuwa anatania. Wiki iliyopita angekuwa anatania.

Nimemleta nesi wa zahanati na mashine yake ya presha. Mia moja tisini na nane kwa mia moja na kumi. Nesi anasema akalazwe leo hii. Mama akavuta mkono wake taratibu, akasema ana wageni anawangoja.

Wageni gani, mama? Akaniambia wale wanaoandika.

Ijumaa, 25 Oktoba

Mama mdogo Kokuhirwa amekuja, kwa bodaboda kutoka Nkwenda hadi hapa. Nilimwita mimi. Nilifikiri, mdogo wake akimkumbatia, jambo hili limekwisha. Tutacheka.

Amenyoa nywele. Kichwa chote, kama mfiwa.

Akaingia, akanishika mikono yote miwili, akasema poleni. Nikamgeuza kwa mabega kabisa, nikasema, huyo hapo dada yako, waitu, tafadhali, mwamkie! Mama amekaa futi tatu kutoka kwetu, anatafuna buni. Mama mdogo akatazama ukutani. Machozi yanamtoka. Akasema kwa sauti ndogo: nilisikia haloo yake kwenye simu, Joanitha. Haikuwa sauti ya mtu aliye karibu. Nimemlilia dada yangu, nimenyolewa, nimemsomeshea misa. Nikiamkia sasa, nitakuwa nimeamkia nini?

Nikamtazama mama. Nilitarajia amtukane, maana hao wawili kutukanana ndiyo mapenzi yao. Alikuwa anamtazama mdogo wake kwa upole mwingi. Akaniambia mimi: mpe chai, ametoka mbali.

Mama mdogo ameondoka bila kuinywa.

Jumapili, 27 Oktoba

Nimeamua kutengua nilichofunga. Ukurasa mpya: PLACIDIA YUKO HAI. Safari hii nimeanza kuupima kwa simu. Kilichobaki ni picha ya leo, yenye gazeti la Jumapili mkononi, mtu asibishe.

Nimemtoa uani kwenye mwanga. Simu yangu huweka kiboksi cha njano kwenye kila uso inaouona. Imeweka kwa Moyo Mtakatifu kupitia mlango ulio wazi. Imeweka kwa waziri kwenye gazeti. Imeweka kwa mbuzi! Kwa mama haikuweka. Nimesogea mbele, nyuma, nimefuta kioo kwa kanga. Nimemwambia ainue uso, ameinua. Kiboksi kikaja, kikatembea juu ya kitenge chake, kikapita, kikaenda kutulia kwa yule waziri.

Ni simu ya bei rahisi. Nimeiandika hiyo niione imeandikwa.

Mchana nimempata Anastazi, kwa kutumia namba ya bosi wangu. Nimemsihi. Nimemwambia, kaka, mama hamezi dawa, anakufa, anachongoja ni sauti yako. Dakika moja tu! Alikuwa analia. Akasema: nitaongea naye nini? Yote nimeshaandika. Nikisema tena nikiwa najua ananisikia, siwezi.

Mama alikuwa mlangoni. Amesikia upande wangu, na upande wa pili ameukisia.

Akasema niache kumsumbua mtoto.

Jumatatu, 28 Oktoba

Leo steshenari nimemkaribisha mteja chai, akaisifu. Nikamwambia ni tangawizi nyingi, mama alikuwa anapenda hivyo.

Alikuwa.

Bosi ameinua kichwa, akasema pole, Joanitha. Mteja naye akasema pole. Na mimi nikasema asante! Nikaendelea kutoa nakala. Karatasi kama kumi zilikuwa zimeshatoka ndipo nikajisikia.

Nimeacha kila kitu. Bodaboda hadi Ihembe, nimekaa nyuma pale najiuliza jambo moja. Lini mara ya mwisho nimemwamkia mama? Si kumsomea, si kumgombeza kwa vidonge. Kumwamkia. Nimerudi nyuma siku kwa siku. Jana sikumwamkia. Juzi sikumwamkia. Siku ya mama mdogo nilimwamkia mama mdogo tu. Naingia, yeye anasema nisomee, nafungua laptopu. Tangu Jumanne ile ya kwanza, ile ya tarehe kumi na tano. Nimewatukana moyoni Mukantabana na wanawe, na kijiji kizima, na kumbe mimi naishi naye nyumba moja na nilikuwa wa kwanza!

Yuko barazani. Hakugeuka bodaboda iliposimama. Nimeleta maji na kidonge kwenye kiganja. Nimepiga magoti mbele yake kama alivyonifundisha, chini kabisa, si yale magoti ya haraka ya siku hizi. Shikamoo mama.

Hakujibu. Anatazama njia ya kibanjani. Anapumua, nimeona kanga inapanda na kushuka. Naamini nimeona.

Shikamoo mama.

Mukantabana amesimama ng'ambo na jembe lake begani, anatutazama. Ananitazama mimi. Kidonge kimeanza kulainika, nimekihamishia mkono mwingine. Daftari nimelitandika hapa sakafuni, naandika nimeinama, maana nikiinua uso nitalazimika kumtazama machoni.

Shikamoo mama. Hiyo ni ya tano. Magoti yamekufa ganzi. Siinuki hapa mpaka aseme marahaba.